Mtoto wa Nyoka na Mlezi Wake

Wahenga wetu walikwishakata hukumu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kazue Kato, mchoraji na mwandishi wa manga wa Japani, amekuwa akiikatia rufaa hukumu kama hiyo kwa zaidi ya miaka 15, na kesi yake ndiyo tuliyoichagua kufungulia toleo hili la hadithi za pepo.

Manga yenyewe ni Ao no Exorcist, iliyoanza kutoka Aprili 2009 katika Jump Square, jarida la kila mwezi la Shueisha. Rin Okumura ana miaka 15. Ni mgomvi, shule haimpendi naye haipendi, na kitu pekee anachokifanya vizuri ni kupika. Siku moja anajua kwamba yeye na pacha wake Yukio ni watoto wa Shetani, waliozaliwa na mwanamke wa kawaida, Yuri Egin, na kwamba padri aliyewalea, Shiro Fujimoto, ndiye mpunga pepo mwenye cheo cha juu kuliko wote duniani. Moto wa buluu wa Shetani umemwangukia Rin. Moto huohuo, usiku mmoja wa zamani, ndio ulioteketeza makasisi na watawa kila pembe ya dunia.

Kila anayeipenda kazi hii huirudia sura ya kwanza. Rin, kwa hasira ya mtoto aliyefichwa ukweli, anamwambia Shiro asithubutu tena kujifanya baba yake. Shiro anampiga kofi. Maneno yale yanamtoboa, na kwa tundu hilohilo Shetani anapenya na kumwingia mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumpata. Lango la kuzimu linafunguka, Rin anavutwa ndani. Hapo Shiro, akiwa na pepo mwilini, anajichoma kifuani kwa mkono wake mwenyewe na kudai arudishiwe mtoto, kwa kuwa ni mwanawe. Kisha anakufa. Kuzaa si kazi, kazi kulea: nimeusikia msemo huu tangu utotoni, lakini sijaona mahali pengine ulipochorwa kwa damu namna hii. Siku ya maziko, mbele ya kaburi, Rin anaapa kuwa mpunga pepo ili ampige Shetani. Anayemsikiliza, Mephisto, mkuu wa shule ya wapunga pepo, anaangua kicheko.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Studio ya A-1 Pictures iliigeuza hadithi hii kuwa anime mwezi wa Aprili 2011, chini ya mwongozaji Tensai Okamura, na muziki wa Hiroyuki Sawano ambao hadi leo unanisimamisha nywele. Manga ilikuwa na miaka miwili tu. Vipindi 25 vilihitaji mwisho na Kato alikuwa bado mwanzoni, basi watengenezaji wakatunga wao: babu wa mapacha anafungua lango la Gehenna, yaani kuzimu, ili ayaangamize mashetani yote, Shetani anamwingia Yukio, na ndugu wawili wanashirikiana kulifunga. Ni mwisho wenye kishindo. Naamini pia ni mwisho uliomdhulumu Rin, maana ulimpa jibu kabla hajaishi na swali lake, kama mtoto wa nyoka lazima awe nyoka.

Swali hilo Kato alikuwa amelipeleka Kyoto. Huko tunajua kwamba Kurikara, upanga uliofungiwa nguvu za Rin, ulikuwa kitu kitakatifu cha hekalu la Kibudha la familia ya Suguro, mwanafunzi mwenzake Rin. Msomaji wa Kijapani analitambua jina hilo haraka. Kurikara ni upanga wa Fudo Myoo, mlinzi mwenye uso wa ghadhabu anayechongwa akiwa amezingirwa na ndimi za moto, na moto wake huunguza uchafu wa nafsi. Kwa hiyo padri wa Kikristo alichukua upanga wa Kibudha ili kumhifadhia uhai mtoto wa Shetani! Huko Kyoto Rin anajifunza kuuelekeza moto ule ule ulioua, ukamteketeza pepo wa uozo na kuwapita rafiki zake bila kuwababua. Anime ya 2011 haikufika huko.

Mwaka 2017 studio ileile ilifanya jambo ambalo ni nadra. Ikaurudisha mfululizo kwa vipindi 12 vya Kyoto, chini ya Koichi Hatsumi, ikiuweka kando mwisho wake wa zamani kana kwamba haukutokea. Watazamaji wengi walichanganyikiwa, na wana haki. Mimi naliona kama tendo la heshima kwa mwandishi. Mwendo huohuo wa kuifuata manga ukaendelezwa na Studio VOLN kuanzia Januari 2024, na sauti ya Rin ikabaki ya Nobuhiko Okamoto, kama ilivyokuwa 2011.

Wazazi wanaoogopa mashetani kwenye skrini ya sebuleni nawaelewa. Naomba tu wakae na watoto wao watazame tukio la Kuro, paka-pepo aliyekuwa mlinzi wa lango la shule. Amesikia Shiro amekufa, amevimba akawa mkubwa kama nyumba, na watu wazima wanaona mnyama wa kuuawa. Rin peke yake anasikia anachokisema: anakana kwamba bwana wake amekufa. Anamgonga kichwa kwa kichwa, anamwambia na yeye amefiwa, na paka analia. Waliowahi kuhudhuria ngoma ya kupunga pepo huku pwani wataukumbuka utaratibu huo. Mganga hakimbilii kumfukuza pepo. Humuuliza jina lake, ametoka wapi, anataka nini. Ndiyo maana katika kurasa hizi tumeshika neno kupunga, badala ya kutafuta neno jingine la kisasa.

Januari 2025 anime ilifika kwenye usiku wenyewe wa moto wa buluu. Rin anarudishwa nyuma ya wakati, anasimama pembeni bila kuonekana, na kuona alikotoka. Anamwona mama yake akiwa hai. Anamwona pia Shiro kijana, mkali, asiyemjali mtu. Mlezi huyu tuliyemlilia tangu sura ya kwanza hakuwahi kulelewa na mzazi yeyote. Alikulia maabarani, kama mwili wa kufanyiwa majaribio. Rin anamtazama mtu huyo, ambaye bado hajui hata kumbeba mtoto, na hawezi kumwambia neno.