Wikendi ya dhahabu tatu, sisi tukibishana kuhusu kadi nyekundu

Hebu tuanze na hesabu. Kati ya Jumamosi alasiri na Jumapili mchana, Septemba 20 na 21, 2025, Wakenya walibeba dhahabu tatu kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, kisha wakashinda Berlin Marathon, wanaume na wanawake. Jumapili hiyo hiyo Kigali ikafungua mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Na kwenye raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Kenya Police walipangwa na Mogadishu City Club, mechi ambayo huku kwetu inaweza kugawanya ndugu wa tumbo moja.

Na huku Eldas? Stori ilikuwa kadi nyekundu ya Robert Sánchez.

Silaumu mtu. Dakika ya tano tu, kipa wa Chelsea anatoka langoni kama mtu anayekimbilia matatu, anamwangusha Mbeumo, anaoneshwa mlango. Bruno Fernandes anafunga bao lake la 100 akiwa Man U, Casemiro anaongeza la pili, halafu Casemiro mwenyewe anakula kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Mechi inaisha 2-1. Ukiwa kwenye hoteli ya chai iliyojaa vijana wa pande zote mbili, hiyo ni burudani ya wiki nzima. Jumapili jioni ikawa zamu yetu sisi wa Arsenal. Haaland alitufunga mapema, tukakaa na hiyo presha hadi dakika za majeruhi, Martinelli akasawazisha. Sare ya 1-1 ikasherehekewa kama kombe.

Sasa rudi nyuma kidogo uone tulichopitwa nacho. Jumamosi, wakati Liverpool wanahangaika kuilinda 2-1 yao dhidi ya Everton, Tokyo ilikuwa inawaka. Beatrice Chebet alimpiku Faith Kipyegon kwenye mita 5,000 kwa chini ya sekunde moja, yaani dhahabu na fedha zote nyumbani. Muda si mrefu Emmanuel Wanyonyi akashinda mita 800 kwa 1:41.86, rekodi mpya ya mashindano. Watatu wa kwanza walitenganishwa na sekunde 0.09. Hiyo ni kupepesa jicho tu, walaal.

Jumapili asubuhi Sabastian Sawe alikimbia Berlin kwenye joto ambalo si la kawaida kwa mbio hizo, na bado akamaliza kwa 2:02:16. Rosemary Wanjiru akachukua upande wa wanawake. Mchana, Lilian Odira, mama wa watoto wawili, akatokea nyuma kwenye mita 800 na kumaliza kwa 1:54.62, akavunja rekodi ya mashindano iliyodumu tangu 1983. Kenya ikamaliza Tokyo na medali 11, saba zikiwa dhahabu, ya pili duniani nyuma ya Marekani.

Niliuliza vijana kadhaa Jumatatu: Odira ni nani? Mmoja akaniuliza anachezea timu gani.

Kuna sababu, na si ujinga. Kwanza, mpira una ratiba. Kila wiki timu yako inarudi, unakasirika, unasamehe, unarudi tena. Mbio za mita 800 zinaisha hata chai haijapoa, na bingwa humwoni tena hadi mashindano mengine. Pili, na hapa tuongee ukweli, kuna mkeka. Wengi hawaangalii Chelsea kwa sababu ya Chelsea. Wanaangalia kwa sababu wameweka shilingi 50 kwenye timu sita na hiyo ndiyo ya mwisho iliyobaki. Kila mmoja anajua masheikh wanasema nini kuhusu kamari, lakini simu ya mkononi haina dirisha la jirani kuchungulia.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma. Pitia majina yote yaliyoleta zile medali 11. Hakuna hata mmoja wa kutoka Garissa, Wajir wala Mandera. Mtoto wa Eldas akiangalia ile bendera ikipandishwa, anaona ushindi wa nchi yake, sawa, lakini haoni mtu wa mtaa wake. Kama ni hivyo, kushabikia Wanyonyi na kushabikia Martinelli kuna tofauti gani? Wote wako mbali.

Hapo ndipo wazee wa hoteli hutoa jibu lao la siku zote: hao ni watu wa milimani, wana hewa yao, sisi damu yetu ni ya ngamia na jua. Mimi jibu hilo silikubali tena.

Mo Farah, mwenye asili ya Kisomali kama wengi wetu huku, ana dhahabu nne za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016. Kwenye marathon ya Olimpiki ya Tokyo, Eliud Kipchoge alishinda, lakini nyuma yake walikuja Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili wazaliwa wa Somalia. Unakumbuka zile mita za mwisho, Nageeye anageuka na kumpungia mkono mwenzake aje? Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, Bashir Abdi akachukua fedha. Kwa hiyo suala la damu tulifunge hapo.

Ndiyo, hao nao hufanya mazoezi sehemu za juu. Lakini kupelekwa kambini mlimani ni hatua ya baadaye. Kwanza lazima mtu akuone. Farah alionwa na mwalimu wake wa michezo shuleni Uingereza, Alan Watkinson, kabla dunia haijajua jina lake.

Na huyo Wanyonyi wetu? Hii stori inafaa kusimuliwa kwenye kila kisima cha Wajir. Aliacha shule akiwa na miaka kama 10 akaenda kuchunga ng'ombe za watu ili nyumbani wapate chakula. Akarudi darasani baadaye. Huko shuleni ndiko mbio zake zilipomfikia Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, akamshika mkono. Mwaka 2021 akashinda dunia ya vijana pale Kasarani. Akiwa na miaka 20 akawa bingwa wa Olimpiki. Sasa ni bingwa wa dunia.

Mimi ni mtu niliyeacha chuo, kwa hiyo watu wakisema aliyetoka darasani amekwisha, huwa nasikiliza kwa makini. Wanyonyi hakuwa amekwisha. Lakini tusidanganyane pia kwamba alijitoa mwenyewe kwa bidii tu. Wachungaji wenye bidii tunao kibao. Kuna kijana anatembea na mifugo toka alfajiri hadi magharibi, miguu yake haijui kuchoka, na hakuna mtu amewahi kumpimia hata mita 400. Tofauti ya huyo kijana na Wanyonyi ni kwamba mmoja alikuwa na shule yenye mashindano, na bingwa wa dunia anayeishi karibu kiasi cha kumwona.

Kwa wasichana ni ngumu mara mbili. Darasani wanakimbia vizuri tu, halafu wakifika umri fulani uwanja unakuwa wa wavulana peke yao. Huwezi kumwambia msichana awe kama Odira wakati hana mahali pa heshima pa kufanyia mazoezi, wala mwalimu wa kike wa kumsimamia.

Na hapa lawama si ya serikali peke yake. Shule ikicheza na shule nyingine saa kumi jioni hapa hapa, nani huenda? Sisi mashabiki sugu, tunaojua kikosi cha akiba cha Brentford, tuko ndani ya hoteli tumegeuzia uwanja mgongo. Jicho la kwanza la kumwona kipaji ni la jirani. Kama mwalimu mmoja akijaza uwanja kwa watu 200 Jumamosi moja, mbunge atapita, mfanyabiashara atatoa jezi, na yule mtoto atajua kuna mtu anaangalia. Mechi za Uingereza zitakuwepo tu, na ile kubwa mara nyingi ni usiku.

Halafu kuna hili. Sherehe za Madaraka za mwaka 2026 zimepangwa kufanyika Wajir. Ni mara ya kwanza kwa Kaskazini Mashariki, na uwanja unaandaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Nitafurahi kama kila mtu. Nitapiga picha na kuzituma kwenye makundi yote ya WhatsApp.

Lakini swali la vijana lisiwe nani atakaa jukwaa kuu Juni 1. Swali ni Juni 2. Je, lango litakuwa wazi au kutakuwa na kufuli na askari? Kutakuwa na kocha anayelipwa? Shule za Eldas zitapata usafiri wa kwenda kukimbia pale hata mara moja kwa muhula, au uwanja utakuwa wa wale wa mjini tu? Wasichana watapewa saa zao? Haya ni mambo ya kuuliza kaunti sasa, kabla ya gwaride, kwa sababu baada ya gwaride wageni hupanda ndege na simu huacha kushikwa.

Wikendi hii Arsenal watacheza tena, na nitakuwepo. Ila kabla ya hapo, ukisikia shule ya karibu ina mbio za watoto, pita tu dakika kumi. Beba simu yenye saa ya kupima muda.