Kwa nini nimetupa mbavu 22 za ndege yangu

Leo naweka kando mambo ya tarakilishi. Kidogo tu lakini, maana mkifika mwisho mtaona hatukwenda mbali.

Juzi rafiki yangu wa kazini alinitembelea nyumbani akakosa pa kukaa. Meza yote ilikuwa imefunikwa na mchoro, juu ya mchoro karatasi ya nailoni, na juu ya nailoni vijiti vya mbao vilivyobanwa kwa pini. Chini ya meza kulikuwa na mfuko uliojaa vipande vya mbao vyenye umbo la samaki.

"Hii ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni bawa la chini la ndege ya rimoti. "Na hivi vya kwenye mfuko?" Nikamwambia ni bawa hilo hilo la chini, lile la kwanza, nililolitupa.

Alicheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe. Kisha akatoa simu akanionyesha ndege kama hiyo inauzwa ikiwa tayari: imefunikwa kitambaa, imepakwa rangi, wewe kazi yako ni kufunga skrubu na kuirusha Jumamosi ijayo. "Wewe ni mtu wa programu bwana," akasema. "Kwa nini unaandika upya kitu ambacho kimeshaandikwa?"

Swali zuri. Siku ile nilimjibu ovyo, kwa hiyo ninamjibu hapa.

Kwanza, ni ndege gani?

Ninajenga robo ya de Havilland DH.60 Gipsy Moth. Ni ndege ya mabawa pacha, yaani bawa moja juu na jingine chini, yakiwa yameunganishwa kwa nguzo na nyaya. Moth ya kwanza iliruka Uingereza tarehe 22 Februari 1925, na ile yenye injini ya Gipsy ikafuata mwaka 1928. Kwetu Kenya si mgeni. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth moja. Ukipita uwanja wa Wilson ukiwa kwenye matatu, hilo ndilo jina lake. Na tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, yule rafiki wa Karen Blixen, alianguka na Gipsy Moth yake muda mfupi baada ya kupaa Voi. Alikufa pamoja na mtumishi wake, Kamau.

Ndege halisi ina upana wa mita 9.14 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Robo yake ni kama mita 2.29. Kule Marekani, chama cha IMAA kinachoshughulikia ndege kubwa za mfano huiita ndege "kubwa" ikiwa ni ya mabawa pacha na imefika inchi 60 (sentimita 152), au ya bawa moja na imefika inchi 80 (sentimita 203), au ikiwa ni robo ya ndege halisi au zaidi. Yangu imepita bila wasiwasi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Ukigawanya urefu kwa 4, eneo la mabawa linagawanyika kwa 16, na uzito kwa 64. Gipsy Moth iliyojazwa mafuta na watu ina takriban kilo 750. Gawanya kwa 64, unapata kama kilo 12. Mita moja ya mraba ya bawa la ndege halisi inabeba kilo 33 hivi, ya kwangu itabeba kilo 8 na kitu tu. Ndiyo maana ndege hii, ikijengwa kwa uzito unaofaa, inaweza kutua kwa nusu ya mwendo wa mama yake, taratibu, na upepo hauichezei kama unavyochezea vile videge vidogo vya povu.

Lakini mchoro wangu haujui kwamba ninaishi Nairobi. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya mita 1,680 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Ndege ile ile inahitaji mwendo zaidi wa kama asilimia 9 ili kupaa, na wakati huo huo injini yake ya petroli inakosa pumzi. Mchana wa jua kali hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kila gramu ninayopunguza kwenye meza nitaishukuru uwanjani.

Hadithi ya mfuko

Mchoro wa bawa la juu niliupeleka kuchapishwa mwezi mmoja, wa bawa la chini mwezi uliofuata, duka tofauti, mashine tofauti. Ile mara ya pili programu ya kuchapisha ilikuwa na alama imewekwa mahali pa "tosheleza kwenye karatasi". Mchoro ukatoka ukiwa asilimia 97. Kwa macho huoni kitu. Mistari imenyooka, maandishi yanasomeka, kila kitu kinalingana na jirani yake, kwa sababu vyote vimepungua pamoja.

Pembeni mwa mchoro kulikuwa na mstari mdogo ulioandikwa urefu wake, uwekwe rula. Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, mtu ninayewasumbua wenzangu kazini kwa kutopima kazi zao kabla ya kuzileta, sikuweka rula.

Nikakata mbavu 22 kwa mkono, kwa kisu na msasa. Jumamosi sita. Nikaziunganisha na boriti zake, bawa likatoka zuri ajabu. Siku ya kusimamisha bawa la juu juu ya lile la chini ndipo nguzo zilipokataa. Nguzo za nje zilikuwa mbali na mahali pake kwa karibu sentimita mbili na nusu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye neno langu la leo. Sikutupa bawa siku hiyo. Nilipinda vyuma vya kushikia nguzo kidogo, nikapanua tundu kidogo, nikasukuma. Zikaingia! Ukisimama hatua tatu huoni kosa. Bawa lilikaa hivyo siku mbili, na nilikuwa nimeshaagiza kitambaa cha kulifunika. Kitambaa kikishapita, hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Isipokuwa mimi. Na Mzee jirani yangu, seremala, ambaye hunipasulia mbao. Alikuja kuniletea vipande, akazunguka meza mara moja, akagusa nguzo kwa kidole.

"Kijana wangu, hii umeilazimisha."

"Kidogo tu, Mzee."

"Kiti ukikilazimisha, mtu ataanguka kutoka hapo mpaka hapo," akasema akionyesha kimo cha kiti. "Hiki chako kitaanguka kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa nini "kidogo tu" ni hatari

Mabawa pacha, nguzo na nyaya zake ni kitu kimoja, kama daraja. Angani nyaya zinazotoka chini ya kiwiliwili kwenda bawa la juu ndizo zinazoyazuia mabawa yasikunjike kwenda juu. Ardhini nyaya nyingine zinazopishana nazo ndizo zinazoyazuia yasilegee kwenda chini. Ukilazimisha nguzo moja, bawa la chini linajipinda, pembe yake dhidi ya upepo inabadilika, na upande mmoja unainua zaidi ya mwingine. Halafu kile kiungo kinaanza safari kikiwa tayari kimechoka.

Tena Gipsy Moth ina vile vibao vya kuilaza ndege kushoto na kulia kwenye bawa la chini peke yake. Lile bawa nililolikosea ndilo hasa ambalo lingeniongozea ndege!

Na hii si karatasi ya kuchezea. Kilo 12 zikienda kilomita 72 kwa saa zina nguvu ile ile ya mfuko wa kilo 12 ulioangushwa kutoka kimo cha mita 20, yaani kama ghorofa ya sita au ya saba. Mbele yake kuna propela inayozungushwa na injini ya ukoo mmoja na ile ya msumeno wa kukatia miti. Pembeni mwa uwanja kuna watoto waliokuja kutazama. Siku zote kuna watoto waliokuja kutazama.

Basi nikalivunja bawa, nikatia mbavu kwenye mfuko, nikaenda kuchapisha upya. Nikiwa na rula mfukoni.

Jibu langu

Rafiki yangu atasema: umeona? Ungenunua iliyo tayari, kosa hilo lisingekuwepo. Ni kweli, kiwanda kizuri hakikosei vipimo kama mimi. Sina ubishi. Wala sisemi kila mtu ajenge. Anayetaka kujifunza kurusha anunue kidege cha povu, akiangushe mara kumi, akigundishe mara kumi.

Lakini ndege kubwa iliyo tayari inakuja imefunikwa. Ndani kuna mamia ya viungo vya gundi ambavyo hukuviona vikigundishwa. Ikitua vibaya ukasikia kitu kikilia "ka!", utafanya nini? Utaitikisa, utaiangalia kwa nje, utajiambia ni sawa. Mimi yangu nikisikia sauti hiyo nitajua ni boriti gani, niliigundisha mwezi gani, na kama siku ile gundi ilikuwa mbichi. Nitajua mahali pa kupasua kitambaa kuangalia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilipia kwa Jumamosi zangu: kuweza kuijibia ndege yangu.

Mashine za kukata kwa leza na za kuchapisha plastiki je? Nazipenda, nami huenda nikazitumia. Ila mashine ingekata mbavu zangu 22 zilizokosewa kwa dakika chache, kwa usahihi mkubwa kabisa, zote asilimia 97.

Na hapa ndipo narudi kwenye tarakilishi kama nilivyoahidi. Wengi wetu tunaopenda programu huria tunaipenda kwa sababu ya bure. Lakini msimbo uliowekwa wazi ni kama huu mchoro. Usipousoma, usipoweka rula, uwazi wake haukusaidii chochote. Kuwa na mchoro hakujanizuia kukosea. Kumenipa nafasi ya kujua nimekosea wapi, na hapo kazi ilikuwa juu yangu.

Kwa anayetaka kujaribu

1. Pima ule mstari wa kipimo kabla ya kukata chochote. Pima kwa urefu na kwa upana pia, maana mashine nyingine huvuta upande mmoja tu.
2. Usikate mchoro wenyewe. Toa nakala, ukate nakala.
3. Bawa la kushoto si nakala ya la kulia, ni kioo chake. Sisi watu wa kunakili na kubandika tuko hatarini sana kujenga mabawa mawili ya kushoto.
4. Nunua mizani ya jikoni, upime kila kipande. Kuwa bahili zaidi mkiani: gramu moja ya ziada huko huweza kudai gramu tatu za risasi puani ili ndege isimame sawa.
5. Kabla ya kuagiza redio na injini, na kabla ya kurusha, waulize KCAA. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 ziko mikononi mwao. Usisubiri kuulizwa na askari uwanjani.

Bawa jipya limefika ubavu wa 17. Nguzo bado sijazijaribu, na sitadanganya, ninaogopa kidogo siku hiyo. Zikiingia zenyewe bila kusukumwa, nitamwita Mzee aje aguse kwa kidole. Zikikataa tena, mtasoma hapa hapa.

Na wewe je, kuna kitu ulichokilazimisha kikaingia, na bado kinakunyima usingizi? Niambie. Mpaka wakati mwingine, kaeni salama.