Wageni wanakuja kutusoma, tuwaonyeshe nini?



Kuanzia Juni hadi Agosti, vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vikiwa likizo, makundi ya wanafunzi hushuka katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Si wote wanaokuja kupanda mlima au kutazama tembo. Wapo wanaoletwa na walimu wao kujifunza somo moja gumu: utandawazi, yaani namna biashara, mitaji na habari zinavyovuka mipaka, umeifanyia nini nchi inayoendelea kama yetu. Wengi wa wanafunzi hao hupokelewa na makanisa. Hulala katika hosteli za parokia na usharika, hula mezani kwa wazee wa kanisa, na Jumapili husimamishwa mbele ili watusalimie.

Pengine wewe ni mmoja wa wanaowapokea, na ratiba yake unaijua. Kwaya inajipanga, mbuzi anachinjwa, kina mama wanavaa kitenge cha sare, kisha katibu anasoma risala. Risala huanza kwa shukrani, ikapita kwenye historia ya usharika, ikaishia kwenye changamoto: bati za paa, gari la mchungaji, kompyuta, kisima. Wageni wanapiga makofi, wanavishwa vitenge, wanapiga picha na watoto, wanaondoka.

Swali langu kwako leo ni hili: mtu huyu aliyevuka bahari ili ajifunze, amejifunza nini kwetu?

Fungua nami Hesabu sura ya 13. Musa anatuma watu kumi na wawili, mmoja kutoka kila kabila, waende kuiona Kanaani. Hakuwaambia wakatembee tu. Aliwapa maswali. Wakaangalie nchi ni ya namna gani, udongo wake una rutuba au hauna, watu wake ni wachache au wengi, wanakaa katika miji ya jinsi gani. Na akawaagiza warudi na matunda ya nchi ile. Kwa siku 40 walizunguka. Kutoka bonde la Eshkoli walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti, pamoja na makomamanga na tini.

Najua mfano huu una mipaka. Wapelelezi wale walikwenda kwa ajili ya kutwaa nchi, wanafunzi hawa hawaji kwa hilo. Lakini wazee wetu wanaomtazama mgeni mwenye daftari kwa jicho la tahadhari wana sababu zao. Mwaka 1884 Karl Peters alipita huku na karatasi za mikataba, machifu wakatia alama, na mwaka uliofuata Ujerumani ikatangaza kuwa nchi iko chini yake. Historia hiyo haitufundishi kufunga mlango. Inatufundisha kuuliza swali alilouliza Musa kabla ya safari: unakwenda kuona nini, na taarifa utampa nani?

Basi tuanze na matunda ya nchi. Kilimanjaro, tunda hilo ni kahawa. Iliingia mikononi mwa wananchi kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Fedha za kahawa zilijenga nyumba, zikasomesha watoto, zikajaza vikapu vya sadaka. Kisha mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa baina ya nchi ukavunjika. Bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa chini kiasi kwamba mzee aliyepanda mibuni yake akiwa kijana aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe, akapanda nyanya na maharage kati ya migomba. Hakuna aliyemwuliza. Uamuzi ulifanyika mbali, na hata leo bei ya kahawa ya arabika hutazamwa kwanza soko la New York kabla ya kufika mnada wa Moshi.

Huo ndio utandawazi, msomaji wangu, na kitabu chake kiko kihambani kwako. Mwanafunzi akikaa nusu siku na mkulima chini ya mgomba ataelewa kuliko akisoma juzuu tatu. Mkulima alete stakabadhi ya malipo yake kutoka chama cha msingi. Mwanafunzi alete risiti ya kikombe kimoja cha kahawa alichokunywa kwao. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe mia moja hivi. Wafanye hesabu pamoja, kwa kalamu moja, waone fedha inabaki wapi njiani. Wataona pia kuwa safari ile ina usafiri, ukaangaji, pango na mishahara ya watu, na kwamba si kila aliye katikati ni mwizi. Lakini wote wawili wataondoka na swali la haki ambalo hawakuwa nalo asubuhi.

Kutoka shambani, wapelekeni kwenye soko la mitumba. Huko mgeni anaweza kukuta fulana yenye jina la shule ya mji wao. Sisemi mitumba ni laana. Wengi wetu tumeivaa ibadani leo, na mama wengi wamesomesha kwa kuiuza. Lakini mgeni aambiwe habari yote. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani walilalamika, na serikali yao ikaashiria kuwa nchi zetu zinaweza kuondolewa katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Kijana wa Marekani anayeiweka fulana yake kwenye sanduku la msaada kwa moyo mweupe anapaswa kuijua habari hii. Ataijua vipi kama sisi tunamwonyesha ngoma tu?

Sasa turudi kwenye taarifa ya wapelelezi, maana hapo ndipo linapouma. Wote kumi na wawili waliona nchi ileile na zabibu zilezile. Kumi kati yao wakaleta habari ya hofu. Walisema kuwa mbele ya majitu ya nchi ile walijiona kama panzi, na kwamba hata machoni pa majitu hayo walikuwa hivyo hivyo. Angalia mpangilio wa maneno yao katika Hesabu 13:33. Kwanza walijiona wao wenyewe. Majitu yakafuata.

Risala zetu nyingi ni za panzi. Tunamwambia mgeni tulichokosa, hatumwambii tunachojua. Watoto wetu wanasimama pale wakisikiliza, na wanajifunza bila kufundishwa kwamba mtu mweupe huja kutoa na mtu mweusi hukaa kupokea. Wakati huohuo kijana wa usharika aliyemaliza shahada ya uchumi au kilimo, anayejua bei na sera kuliko wageni wote, yuko nyuma ya jengo anapanga viti. Hakuna aliyemwita mezani. Taarifa ya aina hiyo ina gharama. Kwa ajili ya maneno ya wale kumi, kizazi kizima kilitangatanga jangwani miaka 40, mwaka mmoja kwa kila siku ya safari yao.

Kuna atakayesema: mahitaji yetu ni ya kweli, paa linavuja, kwa nini tusiseme? Sema. Kuficha shida nako ni uongo. Lakini shida ikisemwa bila chanzo chake humfanya msikilizaji atoe noti na kulala usingizi. Ikisemwa pamoja na chanzo chake humfanya aulize, na anayeuliza anaweza kubadilisha kitu kikubwa kuliko paa. Mwezi Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka mkutano wa viongozi wa mataifa tajiri mjini Birmingham, Uingereza, wakidai nchi maskini zisamehewe madeni. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida kama wewe, na kampeni yao ilichukua jina la yubile ya Walawi 25. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni, na mwaka huohuo ada za shule za msingi zikafutwa. Waumini wale walikuwa wameelewa deni linavyofanya kazi. Ndiyo maana hawakuishia kutuma nguo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, naomba mabaraza ya wazee na halmashauri za walei wafikirie mambo matatu kabla ya kundi lijalo kufika.

La kwanza, waulizwe mapema wanakuja kujifunza nini, nasi tupange ratiba kwa kufuata swali hilo: shamba, chama cha msingi, soko, zahanati, darasa.

La pili, kila mwanafunzi mgeni atembee na kijana wetu wa rika lake, mwenye daftari lake na maswali yake. Na vijana wetu nao wasafiri. Ikiwa viza ya Ulaya ni ngumu na nauli ni kubwa, bandari ya Tanga haiko mbali, wala Kagera hakuhitaji pasipoti. Kijana wa Machame aliyemsikiliza mkulima wa kahawa wa Karagwe naye amesafiri kimasomo.

La tatu, kabla ya kuondoka wageni watoe taarifa mbele ya usharika. Wapelelezi walirudi wakasema mbele ya mkutano wote, si kwa Musa pekee. Watuambie wameona nini, wamekosea kuelewa nini, na wakifika kwao watamwambia nani. Nasi tuwe na haki ya kuwasahihisha, kwa upole, kama ndugu.

Kalebu aliyaona majitu kama wenzake. Hakusema hayapo. Alilolikataa ni kuitwa panzi mbele ya watoto wake. Wiki hii, kama usharika wako unasubiri wageni, iombe risala kwa katibu na uisome kabla haijasomwa madhabahuni. Uliza kama Kalebu angekubali kuitia sahihi.