Hofu ya Mcha Mungu

Juma lililopita, jioni, mama mmoja jirani yangu aliniita uani kwake, akaniketisha, kisha akaendelea kuchagua mchele kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Hatimaye alinieleza kwamba ana uvimbe shingoni, daktari ameshapanga siku ya kumpasua, na tangu siku ile hapati usingizi. Watoto wake hawajui. Aliwahi kumdokezea mwenzake wa kikundi cha sala, akajibiwa kwamba Mkristo wa kweli haogopi.

“Sasa, mwanangu,” aliniambia, “nina mizigo miwili. Naogopa kisu, na naogopa kwa kuwa naogopa.”

Mzigo huu wa pili ndio ulionichoma. Ni wepesi ulioje kumhukumu mwenye hofu, ilhali shingo itakayopasuliwa si yako!

Nilimsimulia habari za John Wesley, ambaye baadaye aliasisi jamii ya Wamethodisti. Mwezi wa Oktoba, 1735, kasisi huyu wa Kanisa la Uingereza, mwalimu wa Oxford, alipanda merikebu iitwayo Simmonds kwenda kuhubiri Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika. Alikuwa na umri wa miaka 32. Alifunga, alisali kwa saa zilizopangwa, alizuru wafungwa. Lakini bahari ilipochafuka aligundua kwamba hayuko tayari kufa, akaona haya.

Humo merikebuni walikuwamo Wajerumani 26, Wamoravian, watu wa kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891 na ambalo wasomaji wa Mbeya na Tabora wanalijua vyema. Wesley alijifunza Kijerumani ili apate kuzungumza nao. Aliona kwamba walifanya kazi za chini ambazo Waingereza hawakukubali kuzifanya, wala hawakupokea malipo. Na mtu akiwasukuma au akiwaangusha, waliinuka wakaenda zao bila ya kulalamika. Jioni ya tarehe 25 Januari, 1736, walikuwa wamekwisha kuanza kuimba zaburi ya ibada yao wakati wimbi lilipoivamia merikebu, likararua tanga kuu vipande vipande, na maji yakamiminika baina ya sitaha. Waingereza wakapiga mayowe. Wajerumani wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, naye akamshukuru Mungu kwamba la. Je, wanawake na watoto? Akajibiwa kwamba hao nao hawaogopi kufa.

Msomaji aangalie kwamba wimbo ule haukuanzishwa na dhoruba. Dhoruba iliwakuta wakiimba. Utulivu wao ulikuwa umejengwa katika jioni nyingi za bahari shwari, wakubwa kwa wadogo.

Wesley naye hakuificha hofu yake. Aliiandika katika kumbukumbu zake, akazichapisha zisomwe na watu. Wala haikumtoka mara moja. Alirudi Uingereza mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo, na ni usiku wa tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano mdogo wa Aldersgate Street, London, akisikiliza dibaji ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi, ndipo alipoona moyo wake ukipata joto na kwamba anamtumaini Kristo peke yake. Alipofika nyumbani usiku ule ule, majaribu yakamrudia. Akamlilia Mungu, yakaondoka, yakarudi tena.

“Kumbe hata yeye!” alisema mama yule, akauweka ungo chini.

Tukafungua Waraka kwa Wafilipi, ambao Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Watu hupenda kushika mwanzo wa aya ya 6 katika sura ya 4, pale anapokataza kujisumbua, wakampigia nao mwenye shida. Hawaendelei kusoma anapoagiza kwamba haja zetu tumjulishe Mungu, na kwamba amani huja baada ya hapo. Nilimwuliza mama yule kama amewahi kumtajia Mungu kile kisu. Akatikisa kichwa. Alikuwa akisali kwa maneno mazuri ya jumla, akichelea kwamba kukiri hofu ni kufuru.

Nikamwuliza pia jambo la kidunia: je, daktari amemweleza atalazwa siku ngapi, na atapewa dawa ya usingizi ya namna gani? Hakuwa ameuliza. Hofu nyingine, ndugu msomaji, hungoja tu jibu la daktari.

Siku ya pili yake alikwenda akauliza. Jumatano usiku, baada ya chakula, alimwita mwanawe mkubwa akamweleza yote, wakasali pamoja, naye kwa mara ya kwanza akakitaja kisu kwa jina lake. Nilipompitia jana nilimkuta akifunga khanga zake za hospitali. Aliniambia kwamba bado anaogopa, lakini alilala. Mwanawe ameomba ruhusa kazini, watakwenda pamoja.