Samaki wa Staa Wamekufa, Dada wa Kazi Kafukuzwa: Jamani, Iulizeni Filta Kwanza!

Leo ubuyu upo, ila huu una maji ndani yake, kwa hiyo kaa vizuri.

Wengi wenu mliiona ile stori ya insta ya mdada mmoja wa muvi za hapa Bongo. Jina silitaji. Mnamjua, na kama humjui hujapungukiwa kitu. Kwanza alitupia video ya tenki la samaki lililojengewa ukutani sebuleni, taa za bluu, samaki wa njano na bluu wanapishana kama daladala za Mbagala. Watu tukamwaga makopakopa. Baada ya siku chache akatupia nyingine: samaki wanaelea matumbo juu, maandishi yanasema kuna watu wana roho mbaya na Mungu anawaona.

Basi, mitandao si mnaijua. Ndani ya saa moja kesi ilishahukumiwa. Mara beki tatu kamwaga sabuni, mara katumwa na mbaya wake, mara ni mambo ya kienyeji. Dada wa kazi akatolewa nje jioni hiyo hiyo na rambo lake la nguo. Mshahara wa miezi 2 akaambiwa ndio fidia ya samaki.

Sasa kilichonifanya nikose usingizi ni kwamba huyo dada namjua. Ni wa huku huku kwetu Genkuru. Amerudi kwa basi mpaka Tarime, na mama yake alikuwa anategemea hiyo hela kumlipia mdogo wake mahitaji ya shule. Akaja kwenye kibanda changu cha kuchaji simu, akakaa kwenye ndoo, akaniuliza, "Kaka, wewe si ulikuwa unafuga samaki Mwanza? Hivi kweli nimewaua mimi?"

Nikamwambia, dada yangu, nisimulie kuanzia Jumamosi.

Akanisimulia. Jumamosi bosi alikuwa na wageni. Akaagiza tenki lioshwe mpaka ling'ae. Dada akatoa maji yote. Akachukua masponji ya filta na zile punje za kauri, akavisugua chini ya bomba mpaka vikawa kama vipya. Akajaza maji ya bomba moja kwa moja, akawasha. Nikamuuliza bila kumung'unya maneno, sabuni ulitumia? Akasema hapana, alikatazwa asiguse sabuni na hakugusa. Jumapili samaki wakaanza kuganda juu ya maji, midomo inahema. Usiku umeme ukakatika kama saa 6 hivi. Jumatatu wakafa 3. Jumanne 9. Jumatano tenki zima.

Wadau, mimi sikuwepo kwenye hiyo nyumba, kwa hiyo siapi. Ila nikisikia mpangilio huo naujua kama ninavyoujua wimbo wa taifa. Mtu akimwaga sumu kali kwenye tenki, mara nyingi samaki wanakwenda kwa pamoja ndani ya masaa. Hawafi kwa zamu siku 3. Kufa kwa zamu baada ya usafi mkubwa ni dalili ya filta iliyouawa.

Najuaje? Kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuua 11.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mwanza kwa mjomba, nikapata kibarua kwenye lodge moja yenye tenki mapokezi. Nikataka kumfurahisha bosi. Nikaosha filta kwa brashi mpaka ikanukia upya. Baada ya siku 4 samaki 11 wakawa wamekufa, na mimi nikawa naapa kwamba kuna mlinzi ananichukia. Bosi yule hakunifukuza. Alisema tu, "Mura, kabla hujamtafuta mchawi, tafuta kilichobadilika." Nikaingia YouTube, nikawa nasoma usiku kwa bando la chuo la mshkaji. Nilichojifunza nakupa bure.

Iko hivi. Samaki wanakojoa na kupumulia humo humo wanamoishi. Uchafu wao unatoa amonia, na amonia inawaunguza matamvua. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji na kauri za filta. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria kwenye tenki jipya wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga. Kwa hiyo ule utelezi wa kahawia kwenye sponji unaouona uchafu, ndio wafanyakazi wenyewe. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Ukisugua sponji chini ya bomba umefukuza kazi kiwanda kizima kwa siku moja, halafu samaki wanaendelea kunya kama kawaida.

Umeme ukikatika ni balaa jingine. Bakteria hawa wanahitaji hewa. Filta ile ya kopo lililofungwa ikizimika masaa mengi wanakosa pumzi na kuanza kufa, maji ya ndani yanaoza, halafu umeme ukirudi pampu inayasukuma yale maji mabovu kwenye tenki. Wewe umelala, unaota followers.

Sasa watu wa Mara tusijifanye hatuujui mchezo huu. Mnakumbuka Machi 2022? Maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakaelea wamekufa. Serikali ikaunda kamati, na kamati ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, kwamba vilimaliza hewa ya oksijeni kwenye maji. Mtandaoni watu walicheka mpaka basi. Na huku kwetu, ambako ng'ombe ndio benki, wengi hawakukubali, wengine hadi leo wananyoosha kidole mgodini. Huo mjadala una wenyewe, leo siufungui. Ninachosema ni hiki: kwamba samboleo na majani yakioza kwenye maji yanaweza kula hewa yote samaki wakafa, hilo lenyewe sio kichekesho. Ni sayansi ile ile ya sebuleni kwa staa, tofauti ni ukubwa wa tenki.

Na kuna hili linaniumaga. Samaki wengi wa njano na bluu wanaouzwa kama "samaki wa Ulaya" asili yao ni Ziwa Nyasa, na wengine wengi wenye mistari ni wa Ziwa Tanganyika. Ni wa kwetu kabisa! Tena maji ya maziwa hayo ni ya magadi kidogo, na kwenye maji ya hivyo amonia inakuwa kali zaidi. Kwa hiyo ukifuga hawa, kosa dogo la filta linakuumbua haraka. Sio kambale wa mtoni huyo, anayeweza kupanda juu akavuta hewa ya kawaida na maisha yakaendelea.

Haya, kwa wenye matenki nyumbani, au dada wa kazi aliyekabidhiwa tenki bila maelezo, kagua hivi kabla hujamshika mtu shati:

Samaki wanahema juu ya maji. Hewa imepungua au amonia imepanda. Badilisha theluthi ya maji, acha kulisha siku 1 au 2, ongeza mapovu. Kama una mshkaji mwenye tenki la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke kwenye filta yako. Unaomba bakteria, usione aibu.

Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Mara nyingi tenki ni jipya au filta imeoshwa kupita kiasi. Usimwage yote, utaanza upya. Punguza chakula, badilisha kidogo kidogo, subiri.

Maji yamekuwa kijani. Hiyo sio filta, hiyo ni jua la dirishani na taa zinazowaka usiku kucha kwa ajili ya video. Zima taa, maisha sio live muda wote.

Pampu inaunguruma au maji yanatoka kwa kudondoka. Chomoa kwenye umeme, fungua, toa kile kipangaboi kidogo cha ndani. Utakuta kimezungukwa na uchafu au konokono. Safisha, rudisha, toa hewa iliyonasa kwenye bomba. Usikimbilie kununua mpya.

Unaona mapovu, unadhani una filta. Hapa wengi wanapigwa na wauzaji. Mashine ya hewa peke yake inaleta hewa, haichuji. Na filta iwe saizi yake: tenki la lita 200 linataka pampu inayozungusha kama lita 800 mpaka 1,000 kwa saa. Masta, ukuta mzima wa kioo kwa kipampu cha ndoo?

Kuosha filta ni hivi: toa maji ya tenki kwenye beseni, kamulia sponji humo humo, rudisha. Basi. Kama zipo 2, osha moja leo, nyingine baada ya wiki kadhaa. Maji badilisha asilimia 20 mpaka 25 kwa wiki, sio yote. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini ya duka la samaki. Angalizo: kuna maji yanayowekwa kloramini, hiyo kulaza hakuiondoi, inataka dawa. Umeme ukikatika, usilishe, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu mara kwa mara yapate hewa, na filta ya kopo uisuuze kwa maji ya tenki kabla ya kuiwasha tena.

Sasa narudi kwa staa wetu, maana sikuandika yote haya kuuza sponji.

Dada, tenki lilikuwa lako. Amri ya "osha ling'ae" ilikuwa yako. Fundi aliyelijenga alilipwa, na kama alikupa maelekezo, hukumpa yule binti. Yeye alifanya alichoambiwa, tena kwa moyo. Tuna tabia mbaya Bongo: kitu kizuri kikiharibika tajiri hajawahi kukosea, anatafutwa mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Sukari ikiisha ni yeye, simu ikipotea ni yeye, samaki wakifa ni yeye na uchawi juu. Kipimo cha amonia ni vichupa tu vya dukani na unapata jibu kwa dakika chache. Ila kumchafua binti wa watu mbele ya followers ilichukua sekunde, na hiyo haifutiki kwa maji ya ndoo.

Nilipomaliza kumweleza yote haya yule dada, alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo niliwaua kwa kuwasafishia." Nikamwambia ndiyo, kama mimi. Tofauti yetu mimi nilipata bosi aliyeuliza swali.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mlipe miezi yake 2. Kumrudisha sio lazima, ana heshima zake. Ile stori ya roho mbaya ilishapotea baada ya saa 24, basi tupia nyingine ya kumsafisha, hata sekunde 15 zinatosha.

Na wewe unayesoma, mliowahi kusingiziwa kitu nyumba ya watu, au mliowahi kumsingizia mtu, shusheni hapo chini. Povu ruksa, ila matusi nafuta.