Sungura hakosi majani, anakosa chumvi na mfupa

Leo nataka kusema neno ambalo pengine halitapendeza kila mtu, hata sisi wenyewe tunaopita mu vijiji kufundisha.

Siku moja mama mmoja wa huku Kabare alinionyesha watoto 7 wa sungura. Walikuwa wametimiza miezi 3, lakini ku mizani walikuwa na uzito wa watoto walioacha ziwa juzi tu. Nyumba yao ilikuwa safi, maji iko, majani iko tele. Mama akaniuliza: «Njo nakosa nini? Hawa nilikuwa nawahesabia minervali ya mtoto.» Nilimwambia aongeze majani. Nilikosea. Njo maana ninaandika leo.

Kwetu kuna maneno mawili yanayosikika kila mkutano. La kwanza: «Sungura ni mnyama wa majani, majani inatosha.» La pili: «Bila chakula cha kiwanda hakuna ufugo.» Kwa maoni yangu, yote mawili yanatupotosha. La kwanza linatufanya tungojee miezi 6 kwa sungura ambaye angeuzwa mapema zaidi. La pili linatufanya tukae mikono mitupu, tukingojea mfuko unaotoka mbali kwa bei kali.

Tuangalie mambo yenyewe. Mtoto wa sungura anaachishwa ziwa kwenye siku 30 hadi 35. Kuanzia hapo mifupa yake inakua haraka sana. Wataalamu wanasema kila kilo ya chakula kikavu cha sungura anayekua iwe na kadiri ya gramu 4 hadi 8 za kalsiamu, na gramu 2 hadi 4 za fosfori. Chumvi nayo inahitajika, ingawa kidogo.

Sasa, sisi tunampa nini? Pumba za mahindi zina fosfori, lakini kalsiamu yake mara nyingi haifiki hata gramu moja kwa kilo. Majani ya kaliandra, ya lesena na ya viazi vitamu (matembele) ni kinyume: kalsiamu iko, fosfori ni kidogo. Kwa hiyo, anayelisha pumba peke yake anakosea, na anayelisha majani peke yake naye anakosea. Vikikutana, kimoja kinajaza pengo la kingine.

Kisha tusisahau udongo. Kule Walungu na sehemu nyingi za milima yetu, udongo ni mwekundu, umechoka, una asidi, na fosfori yake ni haba. Majani yaliyoota kwenye udongo maskini nayo ni maskini, hasa wakati wa kiangazi yakisha kukomaa. Sungura anaweza kushiba tumbo lakini mifupa yake bado ina njaa.

Chumvi ni vilevile. Majani hayana sodiamu ya kutosha. Miaka ya 1960, watafiti kwenye milima ya Australia, mahali ambapo udongo hauna sodiamu, walisimika vijiti vilivyolowekwa chumvi. Sungura wa porini wakavitafuna. Mnyama mwenyewe anajua anachokosa. Kweli, sungura hutafuna mbao pia juu ya kupunguza meno, lakini ukimwona analamba mbao zilizoloa mkojo, jiulize kama umempa chumvi.

Dawa yake haitoki ng'ambo. Mifupa tunaitupa kila siku ya soko na kila siku ya arusi. Ikusanye, ichome kwenye moto mkali mpaka iwe myeupe na ivunjike kwa mkono, kisha itwange na kuichekecha. Unga huo una kalsiamu karibu theluthi moja ya uzito wake, na fosfori nusu ya hiyo. Kwa kilo 10 za pumba, changa gramu 100 za unga wa mifupa na gramu 50 za chumvi ya kupikia yenye iyodi. Kwa kipimo hicho, kilo moja ya chumvi inatosha kilo 200 za pumba. Nani atasema hana uwezo? Pima mara moja ku mizani ya kooperativi, kisha tia alama kwenye kopo lako, usipime tena kwa macho.

Nasema chumvi yenye iyodi kwa sababu. Wote tunajua habari ya goita kule Idjwi. Waliochunguza ugonjwa ule walionyesha kwamba iyodi ilikosekana, na sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri ilizidisha shida. Anayelisha sungura sombe asimpe mbichi: aianike inyauke vizuri, na asiifanye chakula cha kila siku. Lesena nayo ina sumu yake, isizidi sehemu ndogo ya majani unayotoa.

Vichwa na vumbi la sambaza wetu wa ziwa Kivu ni kitu kizuri pia, kina protini pamoja na madini, lakini kikauke vizuri na kisinuke. Maganda ya mayai ni kalsiamu karibu tupu, hayana fosfori ya maana. Yanamfaa anayelisha pumba nyingi na hana mifupa. Majivu ya kuni, hapana: ni makali, yanaunguza mdomo na tumbo. Mifupa ya mnyama aliyekufa bila kujulikana ugonjwa, usiiguse. Na chumvi bila maji safi ni kumtesa mnyama.

Tukiona mkojo mweupe kama chokaa tusikimbie kwa veterineri. Sungura hutoa kalsiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Maana yake ni kwamba majani tayari yameleta kalsiamu ya kutosha, usiongeze maganda.

Kuna watakaosema: «Shida yetu ni magonjwa, si madini.» Ninakubali nusu. Madini hayaponyi kuhara, wala hayachukui nafasi ya protini wala ya usafi. Lakini kama umesafisha, umetoa maji, umechanganya majani, na mtoto bado hakui, usirudie kosa langu la kuongeza majani tu.

Neno la mwisho ni kwa sisi wa miradi. Tumegawa sungura, tumepiga picha, tumegawa mawe ya kulamba. Mradi ukaisha, mawe yakaisha, sungura wakabaki na midomo yao. Kabla ya kuleta sungura mwingine hata mmoja, tulete mizani, kinu na chekecheo, na tufundishe wanakooperativi kutengeneza unga huu wenyewe. Kitu ambacho mfugaji anajua kutengeneza hakiishi mradi ukiondoka.

Lakini msiniamini kwa maneno. Kila kooperativi ichague watoto wa sungura wa umri mmoja, iwagawe makundi mawili: majani na pumba zilezile, kundi moja tu liongezewe mifupa na chumvi. Pimeni kila juma, kwa majuma 8, andikeni ku kitabu, mtuletee hesabu tuiweke hapa gazetini. Ikionekana nimekosea, nitaandika hapahapa kwamba nimekosea. Yule mama wa Kabare tayari ameanza kuchoma mifupa. Ninangoja mizani yake kama ninyi mnavyongoja.