Dhabbu si Kenge



Mama mmoja alitufikia baada ya darsa akiwa na mashaka. Mwanawe alirudi kutoka chuoni na habari kwamba Sahaba walikula kenge mbele ya Mtume (S.A.W.), na tangu hapo anamvizia kenge anayewaibia vifaranga, apate kumchinja. Kosa si la mtoto. Ni letu sisi tunaofasiri: tulikosa jina la mnyama wa jangwani, tukamwazima huyu wa kwetu.

Mnyama wa hadithi ni dhabbu, mjusi mkubwa wa majangwa ya Bara Arabu na Misri. Kenge ana ulimi uliopasuka kama wa nyoka, naye hula vifaranga, mayai, hata mizoga. Dhabbu chakula chake ni majani, maua na mbegu. Wadudu huwala kwa nadra. Urefu wake hufikia sentimita 70, na mkia wake mnene umezungukwa na pete za miiba. Akifuatwa shimoni huuelekeza mkia huo mlangoni, na mwenye kutia mkono hujuta. Asubuhi rangi yake ni ya kiza, apate kuvuta joto. Jua likipanda hugeuka manjano. Maji hayatafuti, unyevu wa majani humtosha, na chumvi inayozidi mwilini huitoa puani ikakauka ikawa unga mweupe. Subhanallah!

Huyo ndiye aliyeletwa, amebanikwa, nyumbani kwa Bibi Maymuna (R.A.), zawadi ya dada yake kutoka Najd. Mtume (S.A.W.) akanyoosha mkono. Wanawake waliokuwapo wakataka aambiwe ni nyama gani, alipoambiwa, akauondoa. Khalid bin al-Walid, mtoto wa dada yake Maymuna, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtamani. Khalid akamvuta kwake akala, Mtume akitazama.

Kwetu Mashafii dhabbu ni halali. Wanazuoni wa Kihanafi wameona kumla ni makruhu. Lakini hukumu ya dhabbu haimhamii kenge kwa sababu ya jina tulilompa sisi, wallahu aalam.

Basi mama, mwanao na akirudishe kisu jikoni, na vifaranga wafunikwe kwa tenga.